Kutengeneza upya websaiti ya serikali ya stima na nishati: anza na mtu aliyeshika simu

Kawaida hii kazi huanza hivi. Memo inashuka kutoka juu, inasema websaiti imezeeka na itengenezwe upya kabla mwaka wa fedha ufungwe, na kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni na memo imefika Machi, kila mtu anakimbilia rangi, nembo na ile picha kubwa ya kuweka juu. Juni inafika, websaiti mpya ipo, na yule mama wa Kayole aliyekuwa anatafuta kwa nini tokeni yake imepungua bado haoni jibu. Nimekaa kwa hizo kamati na inaniuma, manake ni pesa ya umma na jasho la watu. Kwa hivyo naandika hii kwa yule afisa wa mawasiliano au wa kompyuta ambaye ameambiwa "shughulikia hiyo websaiti" na hajui ashike wapi. Nitakaa sana kwa mambo ya kabla ya dizaini, huko ndiko kazi hupotelea.

Kitu cha kushika tangu mwanzo ni kwamba mwananchi haji kwa websaiti yenu kuwatembelea. Anakuja na shida moja, ako na simu ndogo na bando ya kuhesabu, anataka jibu aondoke. Kila uamuzi kwa hii kazi uupime na huyo mtu.

Hatua ya 1: Jua mlango wenu ni upi na nani anaugonga

Mambo ya nishati Kenya yamegawanywa kwa ofisi nyingi. Wizara inatunga sera. KenGen inazalisha stima, KETRACO inajenga zile laini kubwa za kuisafirisha, Kenya Power inaifikisha kwa nyumba na biashara, GDC inachimba visima vya mvuke, REREC inapeleka stima mashambani, NuPEA ni ya nyuklia, na EPRA ndiyo inasimamia sekta, ikiwemo leseni na bei ya mafuta. EPRA na REREC zilipata majina na kazi walizo nazo sasa kupitia Sheria ya Nishati ya 2019, kabla ya hapo watu walizoea ERC na REA.

Sasa, wewe unajua hayo yote kwa sababu uko ndani. Mwananchi hajui, na si kazi yake kujua. Stima ikipotea usiku atafungua websaiti yoyote yenye neno nishati na aanze kulia hapo. Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote panga ukurasa mmoja mfupi wa kumwelekeza aliyegonga mlango wa jirani: stima imepotea au nguzo imeanguka, hiyo ni Kenya Power, piga 97771 au bonyeza *977#, unataka kuhakikisha fundi ako na leseni, nenda EPRA, kijiji hakijafikiwa na laini, uliza REREC. Linki ya huo ukurasa ikae juu, si kule chini kabisa na maandishi ya kijivu. Ni ukurasa wa siku moja kuandika na nina hakika utasaidia watu wengi kuliko hotuba zote mlizoweka.

Halafu andika orodha ya wanaokuja. Usiandike "wananchi na wadau", hiyo haikusaidii kupanga hata kitufe kimoja. Andika mtu na shida yake: mama anayenunua tokeni ya mia mbili na anashangaa kwa nini leo amepata yuniti chache, dereva wa matatu anayesubiri bei mpya jioni ya tarehe 14, fundi anayetaka leseni, mwenye nyumba Ruiru anayetaka kuweka sola juu ya paa na hajui kama anahitaji ruhusa, muuza gesi wa mtaa, mkandarasi anayefuata tenda, mwandishi wa habari mwenye saa moja kabla ya gazeti kufungwa, mwanafunzi wa chuo anayetafuta takwimu za miaka kumi. Nane au kumi inatosha. Kila mmoja mpe sentensi moja ya anachotaka, kwa maneno yake mwenyewe, si ya kwenu.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi ambao tayari uko nyumbani

Watu wanakimbilia kuajiri mshauri wa kufanya utafiti na huku ofisi imejaa majibu. Anza na mtu wa mapokezi. Kaa naye siku mbili nzima na daftari, andika kila swali linaloulizwa neno kwa neno, bila kulisafisha. Kaa na askari wa geti pia, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Nenda kwa wale wanaopokea simu, omba kusikiliza. Soma barua pepe za mwezi mmoja na maswali watu wanawatupia kule Facebook na X. Mwambie mtu wa kompyuta akutolee yale maneno watu wanaandika kwa sehemu ya kutafuta ndani ya websaiti, na afungue Google Search Console muone maneno gani yanawaleta watu kwenu. Hiyo Search Console ni bure, na kama hamjaiunganisha iunganisheni leo, isingoje websaiti mpya.

Ukiweka hayo maneno pamoja utaona kitu ambacho mimi hukiona ndio roho ya kazi yote. Sisi tunaandika "nishati". Watu wanaandika "stima". Sisi tunasema "gesi ya petroli iliyoyeyushwa", watu wanasema "gesi" au "mtungi wa kilo sita". Sisi "vipuri vya mfumo wa fotovoltaiki", wao "sola". Makao ya wizara kule South C yanaitwa Kawi House, na kawi ni neno zuri kabisa la Kiswahili lenye maana hiyo hiyo ya nishati, lakini sijawahi kuona mtu akiandika kawi kwa simu yake akitafuta kwa nini bili imepanda. Sisemi mtupe maneno rasmi, sheria imeandikwa nayo na lazima yaonekane mahali. Nasema kichwa cha ukurasa na maneno ya menyu yawe yale mtu ametoka nayo nyumbani, na lile rasmi lifuate ndani ya sentensi ya kwanza ili wote wawili wapate.

Tengeneza Eksel moja tu: swali, limeulizwa mara ngapi, limetoka wapi, linajibiwa wapi kwa websaiti ya sasa. Hiyo safu ya mwisho itakuwa na nafasi nyingi tupu. Iprinti uibebe kwa mkutano.

Hatua ya 3: Toka nje uangalie watu wakitumia simu

Hii ndio hatua inarukwa zaidi na ndio siwezi kukubali irukwe. Si lazima iwe kubwa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima venye watu wanatumia websaiti, aliandika mwaka wa 2000 kwamba watu watano tu wakijaribu kitu wanakuonyesha karibu asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, na kwa uzoefu wangu ni kweli, bora ukumbuke ni watano wa kundi moja, mafundi watano hawatakuambia shida ya mwandishi wa habari. Chukua makundi matatu ya kwanza kwa orodha yako, watu watano kila kundi, hiyo ni siku nne za kazi.

Pa kwenda Nairobi hapakosi. Huduma Centre pale GPO kuna foleni ya watu wa kila aina (omba ruhusa kwanza). Luthuli Avenue kuna maduka ya sola na mafundi. Stesheni za matatu, maduka ya gesi Kawangware, soko la Githurai jioni. Lakini websaiti ni ya nchi nzima, kwa hivyo tenga nauli ya kwenda angalau kaunti moja ya mbali ambako mtandao ni wa kuvizia, utarudi ukiwa umebadilika.

Mwombe mtu ruhusa kwa maneno ya kawaida, umwambie unaandika nini na kitakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na daftari tu, kwa hivyo usichukue jina wala namba ya simu kama huihitaji, na kwa hii kazi huihitaji. Mrudishie bando aliyotumia na umlipe muda wake, hata kama ni kidogo. Atumie simu yake, si tableti yako mpya. Halafu mpe kazi moja ya kweli, unyamaze. Usimuulize "unaonaje hii websaiti?" kwa sababu Mkenya akiona umevaa kitambulisho cha serikali shingoni atakuambia ni nzuri sana. Na hicho kitambulisho ukitie mfukoni.

Nikuonyeshe venye hukaa. Pale Luthuli nilimpata fundi mmoja dukani, kati ya roli za waya na taa za sola, nikamwomba anitafutie zile kanuni za sola za 2012 kwa websaiti moja ya umma, sitaitaja, aniambie zinataka fundi awe na nini. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka kona mpaka katikati ya skrini, anabonyeza upande ule ufa haujafika. Akaandika "kanuni sola" kwa sehemu ya kutafuta, hakuna kitu. Akaandika kwa Kiingereza, ikamletea habari ya semina ya zamani na picha ya watu wamesimama mstari. Akafungua menyu, akapita "Kuhusu Sisi", akapita "Machapisho", akaingia "Rasilimali", akakuta PDF nyingi zimepewa majina ya tarakimu, akabonyeza moja kwa kubahatisha. Ikaanza kushuka polepole. Akaniangalia. "Dada, hii ni MB ngapi? Nimebakisha bando ya leo tu." Ilipofunguka ilikuwa karatasi zilizopigwa skani, kurasa zingine zimelala kando, na ukitafuta neno ndani halipatikani kwa sababu yote ni picha. Fundi akaweka simu juu ya kaunta, akachukua ile nyingine ya kitufe, akampigia jamaa yake, na kwa dakika mbili akawa na jibu.

Nilijifunza mengi kwa hizo dakika mbili kuliko kwa ripoti. Huyo jamaa wa simu ndiye mshindani wa websaiti yenu. Anajibu kwa Kiswahili, anajibu haraka, hali MB. Akikosea hakuna wa kumrekebisha, na ndio maana mnahitaji kumshinda.

Ukitoka hapo andika siku hiyo hiyo: kazi gani, alianzia wapi, alikwama wapi, alimaliza au hakumaliza, dakika ngapi. Hizi namba ndizo mtakuja kulinganisha nazo websaiti mpya ikishatoka, bila hizo hamtawahi kujua kama mmetengeneza au mmehamisha tu fanicha.

Hatua ya 4: Chagueni kazi chache na mpate sahihi

Sasa inakuja vita ya ndani. Kila idara inataka ukurasa wa mbele. Idara ya mipango inataka mpango mkakati uonekane, idara ya utumishi inataka nafasi za kazi, na ofisi ya mkubwa inataka picha. Usibishane kwa maoni, hutashinda. Weka ile Eksel mezani na zile dakika za fundi, kisha uliza swali moja: kati ya hizi kazi, ni zipi saba ambazo tukizifanya vizuri tumesaidia watu wengi zaidi? Saba hizo ndizo zinapata ukurasa wa mbele. Nyingine zote zinapata mahali pazuri ndani, hakuna anayefukuzwa, na useme hivyo kwa sauti kwa sababu watu huogopa kufutwa.

Uingereza walifanya kitu cha namna hii kwa upana. GOV.UK ilipofunguliwa Oktoba 2012 ilichukua nafasi ya websaiti mbili za zamani za serikali, Directgov na Business Link, na kanuni yao ya kwanza ya dizaini ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji, si ya serikali. Nataja hao kwa sababu wakubwa hupenda kusikia mfano wa nje, lakini mtu wako ni yule wa Kayole.

Andika ukurasa mmoja: kazi saba, makundi ya watu, namba za leo, namba mnazotaka (mfano watu wanane kati ya kumi wamalize ndani ya dakika mbili), na nani ana neno la mwisho. Mpate sahihi ya mkurugenzi au katibu. Mwezi wa tano mtu akija na wazo la kuweka video inayojicheza yenyewe kwa ukurasa wa mbele, hiyo karatasi itakuokoa.

Hatua ya 5: Hesabu mlicho nacho

Kazi ya kuchosha lakini hakuna njia ya mkato. Kila ukurasa na kila PDF iingie kwa orodha: linki, kichwa, idara inayomiliki, tarehe ya mwisho kuguswa, watu wangapi wanafungua, na uamuzi. Uamuzi uwe mmoja kati ya minne tu, ibaki, iandikwe upya, iunganishwe na nyingine, au iende kwa kumbukumbu. Neno "futa" litumie kwa woga. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ofisi za umma zitoe taarifa zao hata bila kuombwa, na bei za stima za miaka iliyopita, ripoti za zamani na matangazo ya maoni ya umma ni mali ya watafiti na waandishi. Zihamishieni sehemu ya kumbukumbu yenye tarehe wazi na maandishi juu kwamba hii ni ya zamani, ili mtu asisome bei ya 2019 akidhani ni ya leo.

Na linki za zamani zisife. Kuna barua, kesi mahakamani, makala za magazeti na tasnifu za wanafunzi zinazoelekeza hapo. Kila anwani ya zamani ipelekwe moja kwa moja kwa mpya, watu wa seva wanaijua kama 301. Hii orodha ya kuelekeza itokane na Eksel yenu, ianze kuandikwa sasa, si usiku wa uzinduzi.

Hatua ya 6: Panga menyu kwa kadi, andika upya kwa lugha ya watu

Kata karatasi ngumu vipande arobaini hivi, kila kimoja kiandike kitu kimoja mtu anaweza kutafuta. "Kwa nini tokeni imepungua." "Bei ya petroli Nakuru." "Kusajili duka la gesi." "Fundi amenidanganya." Wape watu wa kawaida wazipange kwa mafungu wanavyoona wao, kisha kila fungu walipe jina. Fanya na watu kumi hivi. Utashangaa, hakuna hata mmoja atakayepanga kwa idara zenu. Hayo majina yao ndiyo menyu. Baadaye uwape menyu tupu kwa karatasi, bila rangi wala picha, uwaulize "bei ya mafuta ya taa ungeitafuta wapi?" na uone kidole kinaenda wapi.

Lugha sasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo Kiswahili kwa websaiti ya serikali si mapambo wala kitufe cha kutafsiri kwa mashine. Zile kazi saba ziandikwe kwa Kiswahili na mtu anayekifikiria kwa Kiswahili, na Kiingereza kiandikwe sambamba, hakuna kimoja kinachomngoja mwenzake wiki tatu.

Chukua mfano. Tangazo la kawaida la ofisi huwa hivi: "Umma unaarifiwa kuwa tozo ya gharama ya nishati ya mafuta imefanyiwa marekebisho kwa mujibu wa jedwali lililoambatishwa." Yule mama ameshatoka. Jaribu hivi: "Pesa ile ile inaweza kukupa yuniti tofauti kila mwezi. Sababu ni kwamba juu ya bei ya stima yenyewe kuna malipo ambayo hubadilika: gharama ya mafuta yanayochomwa kuzalisha stima, na kupanda au kushuka kwa shilingi dhidi ya pesa za kigeni. Halafu kuna yale ya kudumu, kama asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani na VAT ya asilimia 16." Halafu umwonyeshe risiti ya tokeni mstari kwa mstari, kila mstari na maelezo yake kwa sentensi moja. Halafu umweleze madaraja, kwamba tangu Aprili 2023 matumizi ya nyumbani yana bei tatu, mpaka yuniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100, na kwamba ukipanda daraja bei ya kila yuniti inapanda. Hiyo peke yake inajibu nusu ya hasira za watu mtandaoni. Mwombe mtu wa bei ahakikishe kila namba kabla ya kutoka, na jina la ofisi yake na tarehe vikae chini ya ukurasa.

Kila ukurasa uandikwe na watu wawili, mtaalamu anayejua ukweli na mwandishi anayejua watu. Mtaalamu peke yake ataandika sheria, na mwandishi peke yake atakosea namba.

Hatua ya 7: Chora kwa karatasi, jaribu kwa simu ndogo

Usingoje kompyuta. Chora kurasa kwa karatasi ya upana wa simu, mpe mtu abonyeze kwa kidole, wewe ubadilishe karatasi. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini inavumbua makosa kabla hayajagharimu pesa. Ikikaa sawa ndio mtu wa dizaini aifanye kwa skrini, na mjaribu tena na watu watano wengine, na tena.

Mambo ambayo mimi huyasimamia bila kulegea: kitu kiwe ni maandishi, si picha ya maandishi. Bei ya mafuta ni mfano mzuri, hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na hutumika kuanzia tarehe 15, na miji inatofautiana. Hiyo iwe jedwali ambalo mtu anaandika "Kisumu" na anaona mistari mitatu, petroli, dizeli, mafuta ya taa. Bango la picha liende mitandao ya kijamii ndio, lakini kwa websaiti mtu asiyeona hawezi kusomewa picha na simu yake, na mwenye bando kidogo hawezi kuifungua. Ukurasa huo pia uwe mwepesi sana na utunzwe tayari kwa seva, kwa sababu jioni hiyo watu wote wanafungua kwa pamoja.

Kuhusu watu wenye ulemavu, katiba kifungu cha 54 kinawapa haki ya kufikia habari, na kuna vigezo vya kimataifa, WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, ambavyo mnaweza kuvitaja kwa tenda. Kwa vitendo: maandishi yatofautiane na mandhari kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole, kila picha ya maana iwe na maelezo, fomu ijazwe bila kipanya. Kisha mlete mtu asiyeona na simu yake yenye TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti, mpe zile kazi saba. Usimwalike mwishoni kubariki, mwalike wakati bado mnaweza kubadilisha.

PDF zenye sheria zitabaki, sawa, lakini kila moja ipate ukurasa wa maandishi wenye muhtasari, tarehe, na ukubwa wa faili kwa MB kabla mtu hajabonyeza. Fundi wangu wa Luthuli angeshukuru hiyo peke yake.

Hatua ya 8: Tenda

Ununuzi unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, mtu wa ununuzi atakuongoza, lakini wewe ndiye unaandika mnachotaka. Ukiandika "websaiti ya kisasa yenye kurasa 200" utaletewa kurasa 200. Andika zile kazi saba na zile namba. Andika duru tatu za kujaribu na watu, na malipo yafungwe kwa matokeo ya hizo duru. Andika kwamba msimbo, maudhui, jina la kikoa na nywila zote ni za ofisi tangu siku ya kwanza, nimeona ofisi ikihangaika miezi kumtafuta kijana aliyekuwa na nywila. Andika mafunzo kwa waandishi wenu, matengenezo ya angalau miaka miwili, na uhamishaji wa kurasa za zamani kwa kutaja idadi.

Programu ya kuendeshea websaiti isiwe vita. Energy.gov, websaiti ya wizara ya nishati ya Marekani, ilihamia Drupal mwaka wa 2011, wengine wako kwa WordPress, zote zinafanya kazi zikitunzwa. Chagua ile ambayo watu wenu wanaweza kuiendesha mkandarasi akishaondoka.

Usalama upangwe sasa. Julai 2023 eCitizen, ule mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, ilishambuliwa na wadukuzi na huduma nyingi zikakwama, na siku kama hiyo watu wanahitaji habari zaidi, si kidogo. Muwe na ukurasa mwepesi wa dharura ulio kwa seva tofauti, nakala za kila siku, na mtu mwenye zamu.

Kwa kalenda, hatua ya 1 hadi ya 4 zinataka kama wiki nane, na kuhesabu na kuandika upya ndiko kunakula muda zaidi, miezi mitatu au minne kwa ofisi ya kawaida. Ukianza Julai, bajeti ikiwa bado changa, unafika. Ukianza Machi, fanya hatua ya 1 hadi ya 5 mwaka huu na uombe dizaini ya mwaka ujao. Nilipendekeza hivyo mahali mwaka mmoja, wakanuna wiki moja halafu wakakubali.

Hatua ya 9: Fungua polepole, halafu usiondoke

Acheni ya zamani ikiendelea, wekeni mpya kando yake na bango la "jaribu websaiti mpya utuambie" kwa wiki nne. Jibuni kila anayeandika. Mkihama, angalieni kila asubuhi linki zilizovunjika na maneno yanayotafutwa bila kupatikana, mrekebishe siku hiyo hiyo.

Kila ukurasa uwe na mwenyewe, jina la cheo, na tarehe ya kuukagua. Usipokaguliwa miezi sita mfumo umpigie kelele. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mtu mmoja wa timu atoke saa moja, akae na mwananchi mmoja, kazi moja.

Jumatatu yetu ya kwanza mimi nilirudi Luthuli. Yule fundi alikuwepo, simu ni ile ile, ufa umefika upande wa pili. Nikampa kazi ile ile kwa websaiti tuliyokuwa tumemaliza. Akaandika "kanuni sola", ikatokea ya kwanza, akasoma ule muhtasari kwa sauti akiwa amesimama, kama dakika moja hivi. Halafu akaniuliza, "Na kama mteja amekataa kunilipa, hiyo imeandikwa wapi?" Haikuwa mahali popote. Niliiandika kwa daftari nikiwa bado pale kaunta, ikawa mstari mpya kwa ile Eksel.